Majani Yaliyokula Karatasi

Mke wangu alinijua kwa ubaya kabla hajaniona kwa macho. Wakati huo alikuwa karani wa mizani ya malori kwenye barabara inayotoka mgodi wa Mashamba, baskuli kama tunavyoiita, pale lori linapopimwa likiwa limebeba mawe ya shaba, kisha linapimwa tena likirudi tupu. Kila lori lazima liandikwe mlangoni uzito wake likiwa tupu. Mwandishi wa milango hiyo, kwa malori mengi ya Kolwezi, nilikuwa mimi. Nilikuwa na kibanda kando ya barabara, makopo ya rangi, brashi za kila ukubwa na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Namba zangu hazikukaa kimya kama namba za watu wengine. Saba ilishusha mkia hadi kwenye kitasa, na tisa ilijikunja mara mbili kabla ya kukubali kuwa tisa.

Madereva wakaanza kurudi kwangu wamenuna. "Mama wa baskuli anasema, mwenye aliandika hii akuye aisome ye mwenyewe." Wa kwanza nilimcheka. Wa pili nilimjibu vibaya. Wa tatu alipokuja nilitupa brashi ndani ya kopo, nikapanda lori lake, nikaenda kumfundisha huyo mama heshima ya sanaa.

Nilimkuta kwenye ofisi yake ya mabati, kalamu ya risasi ameichomeka kwenye nywele.

"We njo unaandikaka hizi namba?"

"Njo mi."

"Bon. Soma."

Nikasoma kwa sauti, kifua mbele.

"Sawa. Sasa angalia nyuma yako. Kamio zote zile zinaningojea. Kila moya nisimame kwanza niangalie saba yako inacheza rumba?"

Madereva wa hizo kamio, yaani malori, waliangua kicheko. Mimi niliyekuja kugombana nikajikuta nacheka kuliko wote, na katikati ya kicheko nikajua nimekwisha. Siku hiyohiyo nilifuta namba za malori yote matatu na kuziandika upya, zimesimama wima kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Sijawahi kumtii mtu kwa upesi kiasi kile.

Ile mikia ya namba haikuwa wazimu mtupu. Ilitoka kitabuni. Baba yangu ni dereva wa lori lake mwenyewe. Ukoo wetu ni wa Kasongo, Waislamu waliotawanywa na biashara na safari. Babu ndiye aliyenifundisha herufi za Kiarabu, na barua zake zote za Kiswahili aliziandika kwa herufi hizo. Basi baba alipokuwa Dar es Salaam akingoja kontena, aliona kwenye meza ya vitabu vikuukuu kitabu kikubwa chenye herufi anazozijua, akakinunua bila kukipekua. "Nimekuletea kitabu ya dini," alimwambia mama. Mama alikifunga kwa kitambaa cheupe na kukiweka juu ya kabati, mahali ambapo hakuna kitu kingine kingeweza kukaa juu yake. Kilikaa huko mwaka mzima kikiheshimiwa.

Nilipokishusha nikakuta si cha dini hata kidogo. Zilikuwa picha za kurasa za albamu za kale za Uajemi, na chini ya kila picha maelezo ya Kifaransa. Maandishi hayakulala mstarini. Yaliteremka mshazari, kutoka pembe ya juu kulia hadi chini kushoto, herufi moja ikiishika nyingine mkono. Katikati ya mistari palikuwa na mawingu ya dhahabu, pembeni maua na mizabibu, na hapa na pale kijana ameketi bustanini ameshika kikombe ambacho hanywi. Maneno yenyewe yalikuwa ya mapenzi. Mtu mzima analalamika kwamba mbwa wa jirani anaruhusiwa kulala mlangoni kwa mpenzi wake, na yeye haruhusiwi hata kupita mtaa ule. Mama aliponiuliza kitabu kinasema nini, nilimjibu, "Ni mambo ya kuvumilia, Mama." Sikusema uongo.

Nilikisoma kitabu kile mpaka kikaanza kuachia kwenye mshono. Nilijifunza kwamba Waajemi walipima kila herufi kwa nukta za kalamu ileile inayoandika: herufi hii urefu wake nukta kadhaa, tumbo la herufi ile upana wake nukta kadhaa, na asiyepima si mwandishi. Nilijifunza pia kwamba ukurasa mmoja wa albamu haukuwa kazi ya mtu mmoja. Mistari ilikatwa kutoka karatasi ya mwandishi fulani, maua yalitoka kwa fundi mwingine, na pambizo la mwingine tena, vyote vikaunganishwa kwa gundi na ustadi hata jicho lisione maungio. Jina la albamu hizo kwa lugha yao maana yake ni kitu chenye viraka. Hilo lilinichekesha, maana nilidhani viraka ni vya suruali.

Nikaanza kuandika Kiswahili changu kwa mkono wa Kiajemi nyuma ya malori. Madereva waliamini ni dua na wakawa wanapita polisi kwa ujasiri zaidi. Yule wa baskuli peke yake ndiye aliyeshuku. Siku moja aliliweka lori kando, akanipigia simu.

"Hii maneno ya nyuma inasema nini? Usinidanganye."

Nikamsomea:

*Mizani yako ya chuma, yapima shaba na mawe,*
*Pendo langu la mtima, hulipimi nalo wewe?*

"Kamio hii imepita uzito," alisema, "ishushe kitu." Na akakata. Jioni yake tulikunywa soda pamoja kwa mara ya kwanza.

Mapenzi hayakuwa na shida. Shida ilikuwa baba yake. Alikuwa dessinateur mstaafu, mchoraji wa ramani za mgodi. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kwa kazi za shaba, na yeye maisha yake yote aliyamaliza ameinamia meza ya kuchorea, akichora mashimo, reli na mitambo kwa wino mweusi. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki. Aliishi na binti yake kwenye nyumba ya matofali ya mtaa wa zamani wa wafanyakazi, na penseli zake bado alizichonga kwa wembe kila asubuhi ingawa hakuna aliyemtuma. Nilipopelekwa kumwona nilivaa shati jipya na kujiandaa kwa maswali ya dini, kwa kuwa wao ni Wakatoliki. Nilikuwa na majibu kumi mfukoni. Hayakunisaidia.

"Dini, mi sina maneno nayo," aliniambia. "Mungu eko mukubwa, atajua ye mwenyewe namna ya kutupanga. Maneno yangu iko na mukono yako. Niliona kamio zako mu barabara. Iko muzuri. Mais lakini ni mukono ya mutu mwenye anakimbia, na bibi hapana kamio. Uniletee kitu moya yenye ulifanya bila mbio. Kisha tata yako akuye kugonga mulango."

Kugonga mlango ndiko kuanza posa. Mlango usipogongwa na tata, yaani baba, hakuna ndoa. Nikasema, "Ndiyo, Tata," nikatoka nikiwa nimeudhika sana. Mimi, mwenye mbio! Njiani nilimwambia binti yake kwamba nitamletea baba yake albamu ya Kiajemi ambayo hata Waajemi wangeionea wivu. Akaniuliza lini. Nikasema wiki tatu.

Wiki tatu hazikutoka hewani. Baba yangu alikuwa njiani kutoka Dar, na akifika hukaa siku chache tu kabla ya kurudi tena, na safari nyingine, pamoja na foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, ingeweza kula miezi. Niliona wazi kwamba nikikosa siku hizo chache, nitakaa mlangoni kwa watu kama yule mshairi wa mbwa. Na baskuli ilikuwa na wanaume wengi wanaopita.

Nilikwenda ziwani Nzilo nikakata matete, nikayakausha na kuchonga kalamu. Wino niliupika kwa masizi. Nilinunua karatasi nene, nikaipaka uji mwembamba wa muhogo, na ilipokauka nikaisugua kwa chupa mpaka ikang'aa na kalamu ikateleza juu yake. Kurasa nane, kila ukurasa ubeti mmoja wa kwangu mwenyewe, nimeuandika mshazari na kupima kila herufi kwa nukta. Hapo mkono haukunisaliti. Hadi leo nikiziangalia herufi zile najisifu.

Yalibaki majani. Kila ukurasa ulihitaji mzabibu wa kijani kuuzunguka, na kijani nilikuwa nimepewa. Yule wa baskuli alikuwa na jiwe la malakiti, jiwe la shaba, lililozuia mlango wa ofisi usipigwe na upepo, jiwe zuri lenye miviringo ya kijani kizito. Aliniletea amelikumbatia. "Hii jiwe inaniangaliaka kila siku," alisema. "Uitie mu kitabu." Nilivunja kipande, nikakisaga kwenye kinu. Kijani kikawa hafifu. Nikasema hakijasagika vizuri, nikasaga zaidi, kikazidi kufifia, mpaka nikabaki na unga wa rangi ya maji yaliyooshewa sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa na siku tano. Baba alikuwa ameshavuka Tunduma.

Ndipo likanijia wazo ambalo mtoto yeyote wa Kolwezi angekuwa nalo. Sisi tunajua jinsi shaba inavyotoka kwenye jiwe. Tunaona malori ya asidi yakipita kila siku. Tunajua kwamba kiwandani wanasaga jiwe, wanamwaga asidi, na jiwe linatoa siri yake yote. Na asidi ya betri haikosekani karibu na malori. Nilimimina kidogo juu ya unga wangu. Ulitoa povu kama soda, na chini ya povu ikabaki rangi ya bluu inayong'aa mpaka nikapiga kelele peke yangu kibandani. Nikachanganya na manjano, ikawa kijani ambacho sijapata kukiona hata baada ya mvua. Nilipaka mizabibu ya kurasa nane kwa siku mbili. Nilijiona mjanja kupita wazee wote wa Uajemi.

Baba alifika na vumbi lake la nchi mbili, akalala, akaoga, akavaa kanzu, tukaenda. Baba mkwe, bado nilikuwa namwita hivyo moyoni tu, aliifungua albamu mezani na kuvaa miwani. Hakusoma, maana herufi zile hakuzijua. Alitoa kompasi yake kwenye kisanduku akaanza kupima. Alipima tumbo la herufi ukurasa wa kwanza, akahamia ukurasa wa nne, akapima tena. Sindano ya kompasi ilianguka palepale.

"Hii kipimo ulitoa wapi?"

"Ni nukta ya kalamu yenyewe, Tata."

Alitikisa kichwa polepole kwa kukubali, na baba yangu chini ya meza akanigonga goti kwa furaha. Kisha mzee akainamia majani, karibu kabisa, kama anayenusa. "Na hii kijani?"

"Ilitoka mu jiwe, Tata."

"Mm." Akafunga albamu. "Muniache nayo. Plani haisainiwaka siku yenye inaletwa."

Baba alingoja siku nne, jibu halikuja, akapakia mzigo akaondoka tena. Nilimchukia kila mtu: mzee, mzigo, foleni ya mpakani. Mvua zikaanza. Baada ya wiki kama sita yule wa baskuli akanipigia, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Tata anakuita. Kuya kwa miguu."

Albamu ilikuwa wazi mezani juu ya gazeti. Mahali palipokuwa na mizabibu palikuwa na kahawia, na mahali palipokuwa na kahawia mzee alipogusa kwa ncha ya penseli, karatasi iliachia na kuanguka vipande vipande kama makombo ya mkate. Maandishi yalikuwa mazima. Majani ndiyo yaliyokuwa yamekula karatasi, jani kwa jani, kwa umbo lake lote, ukiinua ukurasa unaona ukuta wa pili kupitia kwenye mzabibu. Ukurasa wa tano ulikuwa umeharibika kuliko yote. Pale nilikuwa nimechora bustani nzima pembeni na kuipaka rangi mara mbili kwa kujivuna. Sasa palikuwa na shimo la ukubwa wa kiganja.

Nilianza kwa kulaumu mvua. Nikaendelea na karatasi za siku hizi, jinsi zilivyo dhaifu. Mzee aliniangalia tu, na binti yake amesimama mlangoni na beseni la maharage ya kuchambua.

"Ni asidi, Tata," nilisema. "Asidi ya betri. Nilimwaga juu ya jiwe. Nilikuwa na mbio, tata yangu alikuwa anafika."

Kisha mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Alikuwa anacheka, amevua miwani, anafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Umetia usini muzima mu kitabu ya mapendo!" alisema, akimaanisha kiwanda kizima. "Na chokaa? Kule usini, kisha asidi banatiaka nini?"

"Chokaa, Tata."

"Njo hiyo. Ulisahau chokaa." Akapumua, akarudisha miwani, na uso ukarudi kuwa wa kazi. "Mulango ingali imefungwa, usijidanganye. Mais meza iko wazi. Siku ya posho ukuye na wembe."

Siku ya posho ni Jumamosi. Wazee wa migodi bado wanaiita hivyo, tangu zama za kugawiwa unga. Nilikwenda Jumamosi ile na Jumamosi zilizofuata, na nakiri kwamba sijawahi kufurahi hivyo nikifanya kazi moja kwa muda mrefu. Kwanza tulipaka kila ukurasa maji ya chokaa yaliyotulia, kwa brashi laini, ili kuituliza asidi iliyobaki. Halafu viraka. Mzee alinionyesha jinsi walivyokuwa wakitibu ramani zilizochanika: hukati wima, unakata kwa kulaza wembe, ukingo wa shimo unakuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na ukingo wa kiraka vilevile, vikikutana havifanyi mgongo. Nilikata cha kwanza. Akakiinua kwenye mwanga, akakitupa. Cha pili akakitupa. Cha tatu alikishika muda mrefu mpaka nikatabasamu, ndipo akakitupa. "Sasa uliona unaweza," alisema. "Anza."

Binti yake alipita kila mara na neno lake. "Mumefika jani la ngapi? Nizeeke kabisa ao nijipake mafuta?" Kwa kulimwagia asidi lile jiwe lake alikuwa ameninunia wiki nzima, akiniambia kwenye simu namba za malori tu na si kingine. Alipolegea ndiye aliyenitatulia siri ya kijani. "Kila siku minaona mu baskuli," alisema. "Vumbi iko nyeupe, jiwe iko kijani. We uliisaga mpaka ikakufa." Nilisaga upya, kidogo, chembe zikabaki kubwa kubwa, nikazichuja kwa kitambaa na kuziosha. Kijani kikaja, kizito, bila asidi, bila manjano. Nilimwangalia nikaona nimepata mke mwenye akili kunishinda, kama nitampata.

Tulimaliza kurasa saba. Ukurasa wa tano mzee aliuruka kila wiki. Shimo lilikuwa kubwa, na kila karatasi tuliyojaribu alisema haifai, ni nyeupe mno, ni tupu mno. Jumamosi moja akauweka katikati ya meza.

"Hii maneno inasema nini?"

Katika wiki zote hakuwa ameuliza hata ukurasa mmoja, na nilimshukuru Mungu. Kwetu na kwao, mtu hasemi mambo ya mapenzi mbele ya baba wa binti. Hata kutaja chakula unachopenda unapunguza sauti. Nikasema ni mashairi tu.

"Nilisikia. Yanasema nini?"

Niligeuka, nikaupa uso ukuta, na nikausomea ukuta:

*Mlango ukifungiwa, nitangoja barazani,*
*Dirisha likiachiwa, nitakuona jikoni.*

Nje kuku walikuwa wanagombana.

"Jikoni?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, Tata," niliuambia ukuta. "Baajemi beko na bustani ya maua. Mi sikuwa na bustani, nikaweka jiko. Munisamehe."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Nilipogeuka alikuwa ameingia chumbani. Alirudi na bomba la bati la kuhifadhia ramani, akalifungua, akatoa karatasi moja nene iliyokuwa ya manjano ukingoni. Aliilaza mezani na kuikandamiza pembe nne kwa vikombe. Ulikuwa mchoro wa jiko la nyumba ileile tuliyokaa, ukuta wa mashariki, na katikati ya ukuta dirisha. Kila tofali lilikuwa limechorwa. Kioo kilikuwa na mistari myembamba ya mwanga, na chini ya dirisha, kitu ambacho hakihitajiki kwenye ramani yoyote, sufuria na kikombe.

"Bibi yangu alilalamikaka," alisema. "Jiko iko giza, jiko iko giza. Nikamuambia, nitakufungulia dirisha upande wa jua. Nikachora. Nilichora vizuri, siku mingi. Kila mwezi nilisema, plani haijakamata vizuri, ningoje kidogo. Ye akawa ananicheka: we unafungulaka migodi ya batu, dirisha moya inakushinda." Alinyoosha pembe ya karatasi iliyokuwa haijakunjika. "Akakufa jiko ingali giza. We uko na mbio, mutoto. Mi nilichelewa."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwahi kuuona mchoro ule. Mikono aliiweka kichwani na hakuishusha.

Mzee alichukua wembe. Nikasema, "Hapana, Tata, tutatafuta karatasi ingine," na nilisema kwa moyo wote, maana nilimwona mtu anayekwenda kukata kitu pekee alichobaki nacho. Alinipita kana kwamba sijasema. Aliulaza wembe na kulikata dirisha, na sufuria na kikombe chake, na vipimo vilivyoandikwa kandoni kwa tarakimu ndogo zilizosimama wima. Akalipachika ndani ya shimo la majani yangu kutoka nyuma. Ukingo haukufanya mgongo. Mzabibu ulizunguka dirisha, na maneno ya mshazari yakateremka kuelekea kwenye kioo. Nilijua nimepewa mke kabla hajafungua kinywa.

"Tata yako anarudia siku gani?" aliuliza, huku anapangusa gundi.

"Eko Kasumbalesa, mu foleni. Wiki yenye kuya."

"Muambie akuye."

Hapo ningepaswa kushika mikono yake, kupiga magoti, kusema maneno makubwa. Tabia haina dawa. Nilisema, "Tata, nyundo iko wapi?"

Aliniangalia. Binti yake ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda mbio kuleta nyundo na patasi nyuma ya nyumba. Tuliiweka albamu kwenye meza ya jikoni, ukurasa wa tano wazi, mzee akasoma vipimo kwa sauti na mimi nikaviandika ukutani kwa chaki. Kwanza tulipachika chuma juu kama alivyoelekeza, kisha nikaanza kutoa matofali. Majirani walikuja kuuliza kama kuna ugomvi. Jua lilipokuwa linazama, jiko lilikuwa na tundu la mraba, nami nilikuwa mweupe kwa vumbi toka kichwani hadi viatuni, na hakuna aliyenizuia siku ile kwa sababu ya mbio zangu.

Asubuhi iliyofuata nilipitia pale kabla hawajaenda misa, kwa kisingizio cha kulainisha saruji. Jua lilikuwa limeingia. Lililala juu ya mafiga, juu ya sufuria, hadi ukuta wa pili ambao haukuwahi kuliona. Mzee alikuwa amesimama mbele ya tundu amevaa koti la kanisani, ameshika ukurasa wa tano kwa mikono miwili, anautazama, kisha anautazama ukuta, kisha tena ukurasa. Binti yake alisimama karibu naye na kikombe cha chai ambacho baba hakukipokea.

"Imepinda," mzee alisema. "Upande wa kushoto. Kidogo."

Nilianza kuomba radhi, nikachukua patasi.

"Apana," alisema. "Uiache vile."